Mustang ya 21D: daftari la kusaka spea

Septemba 14

Nimesugua kibao cha mlangoni cha Mustang yangu, gari la Ford, kwa kitambaa na mafuta ya taa, hatimaye kinasomeka. Kiko mlango wa dereva, upande wa kitasa: 65A, M, 21D, na mwisho kabisa 6. Namba ya gari, ile iliyogongwa kwenye bati la ndani la fenda ya kushoto chini ya boneti, inaanza na 6T07C.

Kwa asiyezijua: 6 ni mwaka wa modeli, 1966. T ni kiwanda cha Metuchen, New Jersey, saa chache tu kutoka hapa Pennsylvania ninapoishi. 07, sawa na ile 65A ya kibaoni, ni kupe ya milango miwili. C ni V8 ya inchi za ujazo 289, kabureta yenye makoo mawili, nguvu za farasi 200. M ni rangi nyeupe waliyoiita Wimbledon White, ingawa gari nililonunua ni jekundu, na aliyelipaka wekundu huo alikuwa na haraka zake, maana hata mpira wa kioo cha mbele umepata mgao. Ile 6 ya mwisho ni giaboksi ya otomatiki, C4.

Na 21D ndiyo iliyonikalisha kwenye ndoo nikaanza kuandika. Ford walihesabu miezi kwa herufi: A Januari, B Februari, C Machi, D Aprili, hivyo hivyo hadi M Desemba, huku wakiiruka I isije ikachanganywa na moja. Kwa hiyo gari hili lilipangiwa kuunganishwa tarehe 21 Aprili 1966, siku ya Alhamisi. Wiki saba kabla yake, tarehe 2 Machi, Ford walikuwa wametoa Mustang yao ya milioni moja. Ukisikia hivyo unajua kabisa kwamba sina lulu. Modeli ya 1966 peke yake zilitengenezwa zaidi ya laki sita.

Shemeji alikuja kunisaidia kusukuma, akalizunguka mara mbili. "Sasa shemeji, gari la kawaida hivi tarehe za nini? Si uweke spea yoyote litembee?"

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nimefundishwa ufundi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na sheria ya fundi wangu mkubwa ilikuwa moja: ikiingia imekubali. Tumewahi kufunga pampu ya maji ya gari moja kwenye gari jingine kwa kutoboa matundu mapya, na mteja akaenda nalo Morogoro akarudi. Ila gari la mteja yule lilikuwa la kazi. Hili nataka liwe vile lilivyotoka mlangoni Metuchen, kwa vitu vya siku zile zile, hadi pale nitakaposhindwa au mama watoto atakaponifungia pochi.

Septemba 21

Nimeshusha stata. Ni mbovu, lakini sababu si hiyo. Kwenye injini hizi namba ya bloku, mwili wenyewe wa injini, imejificha pale pale stata inapokaa, upande wa abiria, kwa hiyo bila kuishusha huoni kitu. Nikalala chini na burashi ya waya na petroli kidogo, nikasugua grisi ya miaka hamsini na kitu iliyoganda kama lami. Ukishasafisha bado huoni vizuri, maana chuma ni cheusi na herufi ni nyeusi. Dawa yake ni chaki. Unailaza ubapa, unaipitisha juu juu, na herufi zilizoinuka zinabaki nyeupe.

C6AE-6015. Na pembeni yake, kwa herufi ndogo: 6C15.

Tarehe 15 Machi 1966 ndiyo siku chuma kilipomiminwa kwenye kalibu. Siku 37 kabla ya gari kuunganishwa. Huo ndio mwanya unaotakiwa: bloku imiminwe, ipoe, ichongwe, iunganishwe iwe injini, isafirishwe, isubiri zamu yake. Wiki tatu hadi miezi miwili au mitatu, moyo unatulia. Ikiwa na miezi minane, unaanza kuuliza maswali. Ikiwa ya siku moja tu baada ya tarehe ya gari, hakuna maswali tena, hiyo si ya gari hili.

Sasa niseme wazi, siwezi kuapa kwamba injini hii ilizaliwa na gari hili. Mwaka ule Ford waligonga namba ya gari kwenye bloku za injini ya K tu, ile 289 ya nguvu za farasi 271. Hizi za C hawakuzigonga. Tena ripoti ya Marti, inayoeleza gari lilitoka kiwandani na vitu gani, inategemea kumbukumbu zinazoanzia modeli ya 1967. Wa 1966 hatuna cheti cha ndoa, tuna tarehe zinazoelewana tu. Anayeuza Mustang ya C ya 1966 na kukuhakikishia kwamba namba za injini na gari "zimefanana", muulize amezisoma wapi.

Furaha yangu iliishia hapo. Juu ya bloku mambo ni haya: manifoldi ya hewa, ile inayobeba kabureta, namba yake inaanza na C8. Kabureta ina jina la Motorcraft. Dinamo imepakwa rangi ya fedha na haina namba yoyote, mtu ameisaga. Distribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi, ni ya kwake kabisa, namba 12127 yenye tarehe 6CB, yaani 1966, Machi, wiki ya pili. Moja kati ya nne.

Septemba 22

Shemeji kanipigia anauliza namjuaje Motorcraft kuwa mgeni. Kwa sababu jina lenyewe halikuwepo. Mwaka 1961 Ford walinunua jina la Autolite na kiwanda chake cha plagi, serikali ikawashitaki kwa kubana ushindani, na mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ikawaamuru waachane nalo. Motorcraft limekuja kuziba pengo hilo. Kwenye gari la 1966 unatafuta maneno mawili tu, FoMoCo (kifupi cha Ford Motor Company) au Autolite. Ukiona Motorcraft kwenye kifuniko cha distribyuta cha mtu anayesema ni cha kiwandani, cheka kimoyomoyo uendelee na safari.

Namba nazo zina sarufi yake, na nimegundua wengi tunaisoma nusu. Chukua C5ZB-16005-A. C ni miaka ya 60 (B ni ya 50, D ni ya 70). 5 ni mwaka, 1965. Z ni Mustang. B ni idara ya bodi. Ingekuwa E ni injini, F ni umeme na kabureta. 16005 ndiyo kitu chenyewe, fenda ya kulia, na ya kushoto ni 16006. A ya mwisho ni toleo la kwanza. Wakibadilisha kidogo inakuwa B, kisha C.

Mtego wa kwanza: mwaka ulio kwenye namba ni mwaka mchoro ulipotolewa, si mwaka kitu kilipotengenezwa. C5 kwenye gari la 1966 ni halali kabisa, hata C3 na C4 zimo. Kilichopigwa marufuku ni C8, maana mchoro wa 1968 haukuwepo duniani Aprili 1966. Ndiyo manifoldi yangu hiyo.

Mtego wa pili: usingoje kuona Z. Mustang ilijengwa juu ya vitu vya Falcon na Fairlane, kwa hiyo chini ya boneti utakuta D ya Falcon, O ya Fairlane, A ya magari makubwa ya Ford. Bloku yangu yenyewe ni A. Kuna jamaa alishatupa kitu sahihi akanunua kibaya kwa sababu kibaya kilikuwa na Z.

Mtego wa tatu ndio mbaya. Boksi la dukani lina namba tofauti na kitu kilichomo ndani. Spea iliyokwenda kwa wauzaji ilipewa Z kwenye nafasi ya nne, C5ZZ na kuendelea, wakati chuma chenyewe kimeandikwa C5ZE au C5ZF. Kwa hiyo boksi na kitu kutofautiana si ushahidi wa wizi. Na kufanana kwake si ushahidi wa uaminifu.

Oktoba 3

Hershey. Kila Oktoba chama cha magari ya kale cha AACA hufanya mkutano wake hapa, kwenye mji wa chokoleti, na wauzaji wa spea hutandaza kuanzia alfajiri. Ukitaka kuelewa, fikiria mnada wa Jumamosi wa kijijini, lakini badala ya ng'ombe kuna silinda hedi. Meza hadi macho yanachoka. Mabati, taa, saa za dashibodi, usukani uliopasuka, chungu ya boliti ambazo mzee mmoja amezipanga kwa urefu kama mkufu.

Nilikuja na karatasi moja ya vitu vitatu: kabureta, manifoldi, dinamo. Na tochi, kioo kidogo cha kushika, chaki.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusema "Mustang". Meza ya tatu nilimwuliza jamaa kama ana manifoldi ya Mustang 289, akanitajia bei ya kununua friji. Meza mbili mbele nikauliza manifoldi ya Ford 289 ya makoo mawili, akaniambia nichimbe chini ya meza mwenyewe, nikipata tutaelewana. Sikupata, lakini nilielewa. Injini hii ilikwenda pia kwenye Fairlane, Falcon na Galaxie. Chuma ni kile kile, jina la farasi, yaani Mustang, ndilo linalolipiwa.

Meza nyingine walikuwa na vifuniko vya valvu na kopo la kichujio cha hewa, vyote rangi ya dhahabu, vinameta. Muuzaji akaniambia ndivyo 289 inavyotakiwa kuwa. Kweli, ya 1965: bloku nyeusi, juu dhahabu. Mwaka 1966 Ford walipaka injini zao zote buluu. Nilimshukuru, akanitazama kama mtu aliyekataa pilau harusini.

Kabureta niliipata saa sita mchana. Autolite 2100, imekauka, imejaa vumbi la aluminiamu, kamba ya choki imekatika. Haikuwa na ile lebo ndogo ya bati inayofungwa kwa skrubu ya kifuniko. Muuzaji, mzee wa makamo ya baba yangu, alisema bila kuulizwa kwamba haijui ni ya gari gani na ndiyo maana bei ni dola 60. Meza ya jirani ilikuwapo nyingine, safi, ina lebo inayong'aa, dola 350.

Nilizigeuza zote mbili. Namba ya 2100 haipo kwenye lebo peke yake, imegongwa pia kwenye mguu wa kabureta, pale kona ya mbele inapopita boliti. Ile chafu mguu wake ulisoma C6, na herufi zilizofuata zilikubaliana na nilichonakili kutoka katalogi kwa 289 ya otomatiki. Ile safi mguu ulisoma C9, lebo ikisoma C6. Lebo mpya zinatengenezwa, unaandikiwa namba unayoitaka. Sisemi yule bwana alijua. Huenda naye aliuziwa hivyo.

Nikalipa dola 60. Mzee akanifungia kwenye gazeti, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania. Akauliza kama huko kuna Mustang. Nikamwambia nilipokuwa mdogo sikuwahi kuiona hata moja, tulikuwa na Peugeot 504 na Land Rover. Akasema 504 ni gari zuri. Tulielewana.

Oktoba 19

Dinamo iliyoagizwa mtandaoni imefika. Maelezo yalisema mpya kabisa, haijawahi kufungwa, ndani ya boksi lake la kiwandani. Boksi zuri. Zuri mno: karatasi haijaiva umanjano, na pembe za herufi zina ukungu wa nakala. Nikafungua. Ndani kuna dinamo iliyofumuliwa na kuundwa upya, gamba la mbele na la nyuma hata hayatoki familia moja, juu yake muhuri mpya wa wino wa Autolite. Nilipopitisha kitambaa chenye petroli wino ukaondoka nacho.

Nimemwandikia muuzaji, hajajibu. Dola 185. Mama watoto hajaambiwa kiasi kamili, na ikiwa anasoma hapa, ni 85.

Novemba 9

Fenda. Hii naipita haraka kwa sababu haina raha. Ya kulia imeliwa na kutu ya chumvi wanayomwaga barabarani majira ya baridi. Mpya za kuiga zipo, nyingi zinatoka Taiwan, bei nzuri. Nilipima moja ya rafiki: mstari wa ubavuni ulipishana na wa mlango kwa upana wa kidole. Inarekebishika kwa nyundo na puti, lakini nikaamua kukata na kuchomelea kiraka kwenye bati la zamani. Siku tatu. Shingo inauma.

Chini ya kioo cha mbele, kwenye mfereji wa kuingizia hewa, kuna ugonjwa wa Mustang zote za enzi hizi: majani yanajaa, maji yanatuama, bati linatoboka, mvua inashukia miguuni mwa abiria. Nimemwaga ndoo ya maji, ikatokea sakafuni nusu ndoo. Hilo ni la mwezi ujao.

Chini ya springi za kiti cha nyuma nilitafuta karatasi ya kiwandani, wengine huikuta humo imekunjwa. Nilikuta kiota cha panya kilichojengwa kwa karatasi. Sitaki hata kuwaza ni karatasi gani.

Novemba 23

Leo nimevunja sheria yangu mwenyewe na sijutii.

Rafiki alinipa paipu za mpira za breki, FoMoCo, ndani ya boksi halisi, hazijawahi kuguswa tangu enzi hizo. Nikaikunja moja taratibu. Ikapasuka kama muwa mkavu. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala dukani, tena huo ndio unaokutega, maana kwa macho ni mpya. Zimekwenda kwenye kabati la maonyesho, gari linapata paipu za mwaka huu.

Na masta silinda, pampu kuu ya breki. Ya 1966 ina chumba kimoja cha mafuta kwa magurudumu yote manne. Paipu ikivuja popote, pedali inazama mpaka sakafuni na umebaki na breki ya mkono na dua. Mwaka uliofuata, 1967, Mustang ikaja na vyumba viwili, mbele na nyuma kila mmoja na wake. Nimefunga ya vyumba viwili. Ya zamani nimeisafisha, nimeipaka mafuta, nimeifunga kwenye mfuko na kuandika tarehe. Atakayekuja baada yangu akitaka kuwafurahisha waamuzi wa mashindano, ipo. Mimi ninabeba watoto.

Desemba 7

Manifoldi imepatikana, wala si Hershey. Yadi ya magari mabovu, mwendo wa saa mbili kaskazini. Nilipiga simu nikauliza Ford yoyote ya 1966 yenye 289, sikutaja farasi. Wakasema kuna Fairlane, haina mlango, mti umeota ndani.

Mti kweli umeota ndani. Nilifungua boneti kwa mtarimbo, nikapiga chaki juu ya manifoldi, kwa namna nilivyozoea sasa, bila kufikiri. C6, 9425, na tarehe 6D4. Tarehe 4 Aprili 1966, siku 17 kabla ya gari langu. Boliti mbili zilikubali, ya tatu ilikatika kichwa, ya nne nilikaa nayo saa nzima na mafuta ya kulegeza kutu na nyundo ndogo, nagonga, nangoja, nagonga. Vidole vilikuwa havina hisia kwa baridi. Dola 40, na mwenye yadi alikataa kupokea chenji niliyoongeza.

Iko mezani sasa, imechemshwa, imepakwa buluu. Kabureta ya mzee wa Hershey imekaa juu yake kwa majaribio bila gasketi, na boliti zake nne zimeingia kwa mkono mpaka mwisho bila ubishi. Nimeiangalia muda mrefu kuliko inavyostahili.

Desemba 15

Imebaki dinamo. Kwenye daftari nimeandika: Autolite, gamba zote mbili asili, tarehe 6B, 6C, au mwanzo wa 6D. Nafasi yake pale mbele ya injini iko wazi, mkanda unaning'inia.

Saa nne asubuhi shemeji amenitumia picha bila salamu wala maelezo. Dinamo kwenye meza ya mtu, na juu ya gamba kuna poda nyeupe. Amenunua chaki yake mwenyewe. Nimeivuta picha ikakua: herufi safi, haijasagwa, haijapakwa rangi. Tarehe 6KA, Oktoba.

Nimempigia airudishe mezani. Ananiambia muuzaji anasema miezi sita haina tofauti. Nimemwambia amwulize muuzaji ana nyingine chini ya meza.